Karamu kwa Herufi ya R

Sikuwa na tanuri. Sikuwa na meza ya mfinyanzi ya kuzungushia udongo, wala banda lenye mlango, wala cheti chochote cha ufundi. Sikuwa na ardhi. Udongo wangu niliuchimba bondeni chini ya Kagarama, mahali pa watu, kwa ruhusa niliyolazimika kuiomba upya kila msimu. Sikuwa na viatu vya kuvaa mbele ya kamati. Sikuwa na baba wala babu aliyewahi kuandika jina lake mwenyewe. Na katika miaka hamsini na minane ya maisha yangu sikuwa nimewahi, hata siku moja, kuketi kwenye mtungi mmoja wa pombe na majirani zangu nikavuta kwa mrija waliovutia wao. Sisi Watwa, kabila la wafinyanzi, tulimiminiwa kando, katika kibuyu chetu.

Nilichokuwa nacho ni mikono, mke aliyenishinda ufundi, magunia mawili ya plasta, na barua.

Barua ilifika mwezi wa Juni mwaka 1991, imepigwa taipu na kugongwa muhuri. Ilitoka kwa kamati ya shule ya jioni ya Muhima, shule ambayo wachuuzi wa kule waliianzisha ili watu wazima wajifunze kusoma na kuandika Kiswahili, lugha ya biashara yao. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Nilitembea kutoka Kagarama hadi Muhima mara tatu kwa wiki, na kurudi, na tangu vita vianze kaskazini masomo yalirudishwa nyuma hadi saa kumi na moja ili kila mtu awahi nyumbani kabla ya amri ya kutotembea. Sasa shule ilikuwa imepata jengo jipya, na kila mwanafunzi aliombwa achangie kazi ya mikono yake. Mwashi achangie ukuta, fundi cherehani mapazia. Kwangu mimi barua ilisema hivi:

“Mzee Kagabo, kamati inakuomba utengeneze sanamu kubwa ya karamu, ya udongo wa kuchomwa, isimame mlangoni siku ya ufunguzi, ili kila apitaye aelewe kazi ya shule yetu.”

Nilimsomea mke wangu, Nyirahabimana, mara mbili.

“Karamu?” akauliza. “Kazi ya shule ni kula?”

“Elimu ni karamu, Mama Kirezi. Ni lugha ya watu waliosoma.”

“Baba Kirezi, nenda ukaulize. Mdomo haulipiwi.”

“Niulize nini? Barua ina muhuri!”

Lazima nieleze ukaidi wangu. Mwalimu wetu, Ndihokubwayo, Mrundi aliyekulia Bujumbura, alikuwa adui mkubwa wa watu wanaochanganya R na L, na katika mji wetu wanaochanganya ni karibu wote. Alitusimamisha mmoja mmoja: “Kalamu huandika, karamu hulisha! Ukikosea utakula wino!” Darasa zima likakosea. Mimi sikukosea. Mimi, mchimba udongo, ndiye niliyeitwa ubaoni kuwaonyesha wenye maduka. Kwa hiyo neno karamu lilipoandikwa kwa R kwenye karatasi ya shule, sikuona sababu ya kwenda kuuliza. Nilisoma kilichoandikwa.

Nilichora mduara mavumbini. Katikati mtungi mkubwa wa pombe ya mtama, kuuzunguka watu wameketi, kila mmoja na mrija wake. Mchuuzi mwanamke mwenye kikapu. Mwashi. Fundi cherehani mwenye futi shingoni. Karani mwenye tai.

“Wanne,” alisema Nyirahabimana.

“Watano,” nikasema, na nikachora wa tano kati ya karani na mwashi. “Huyu ni mfinyanzi.”

Aligusa mchoro kwa kidole cha mguu. “Huyo watamkataa.”

“Basi wamkatae kwa midomo yao, mchana, mbele ya watu. Mimi sitawasaidia kumkataa kabla hawajamwona.”

Kuanzia siku hiyo mbele yangu kulikuwa na jambo moja tu: watano wasimame mlangoni pa shule, au asisimame hata mmoja.

Kazi ya plasta niliijua kwa sababu nilikanda udongo miaka kumi na mmoja katika karakana ya bruda mmoja mmisionari. Aliporudi kwao aliniachia yale magunia mawili. Nilianza na mtu mmoja tu. Nilimfinyanga ameketi, magoti yameinuka, mgongo umeinama kidogo kama wa mtu anayesogelea mrija. Hakuwa na kichwa wala mikono. Kichwa na mikono ndivyo vinavyomtenga mtu na mwenzake. Kiwiliwili ni cha wote. Nilimpaka sabuni iliyoyeyushwa ili plasta isimng’ang’anie, nikamjengea ukuta wa udongo ubavuni, nikamimina plasta upande wa mbele. Ilipoganda nikachimba vishimo vitatu ukingoni, nikapaka sabuni tena, nikamimina upande wa nyuma. Vishimo vya nusu moja huwa vinundu vya nusu ya pili, na nusu hizo zikikutana hukaa pale pale kila mara. Siku ya tatu nilizitenganisha, nikautoa udongo wa ndani, na nikabaki na kalibu yangu, nyeupe kama yai.

Nikiwa nimeiegemeza ukutani ikauke, jirani yetu Rugamba alisimama njiani.

“Kagabo! Hiyo nyeupe ni nini?”

“Kalibu,” nikamjibu.

“Asante,” akasema, akaingia uani na kuketi kwenye kigoda.

Nyirahabimana alicheka hadi akaangusha kapu la majivu. Rugamba hakujua anachekwa kwa nini, akacheka pia. Akatuuliza habari za vita, akasifu plasta, akakaa nusu saa nzima. Lakini mke wangu alipomletea maji kikombeni alisema ametoka kunywa sasa hivi, na kikombe kikabaki chini pale pale kilipowekwa. Hakuwa mtu mbaya, Rugamba. Ndivyo alivyofunzwa, na hakuwahi kukaa chini akajiuliza.

Udongo wa vyombo vya kupikia hautoshi kwa sanamu; ni laini mno na hupasuka. Tulitwanga vigae vya vyungu vilivyovunjika, tukachekecha, tukachanganya sehemu moja ya vigae kwa sehemu tatu za udongo. Kisha nikawa nakandamiza udongo ndani ya kalibu kwa kidole gumba, unene wa kidole kimoja, sawasawa kila mahali, kwa sababu palipo panene hukauka baada ya pengine na hapo ndipo ufa huanzia. Plasta hunywa maji ya udongo. Baada ya muda udongo hujivuta wenyewe na kuachia. Nilikwaruza kingo za nusu mbili, nikapaka uji wa udongo, nikazibana, nikaziba mshono kwa ndani kwa kamba nyembamba ya udongo, na chini nikaacha tundu la kupumulia, maana mtu asiye na tundu hulipuka motoni.

Mara tano. Karani na mfinyanzi, mwashi na mchuuzi, wote walitoka katika kalibu ile ile moja.

Mikono niliitengeneza kwa kalibu ndogo mbili, wa kushoto na wa kulia, kisha nikaikunja kila mmoja kwa namna yake kabla haijakaza. Vichwa sikuvigusa. Vichwa ni vya Nyirahabimana. Alikuwa akikaa na donge la udongo mapajani, akiongea na wanawake waliokuja kununua vyungu, na donge likageuka kuwa uso wa mtu unayemfahamu. Karani alimtengenezea midomo iliyobanwa kama ya mtu anayesubiri kupewa kiti. Mfinyanzi alimpa uso uliotazama moja kwa moja mbele.

“Mbona hajainama kunywa?” nilimuuliza.

“Amekwisha kunywa,” akasema. “Sasa anawatazama.”

Kitako kilikuwa pete ya vipande vinne, na kila mtu alikuwa na ndimi mbili chini yake za kuingia katika matundu ya pete. Hakuna njia nyingine ya kuchoma kitu kikubwa hivyo wala ya kukibeba. Kabla ya kuchoma tulipaka vipande vyote udongo mwekundu uliochujwa, tukavisugua kwa kokoto laini za mtoni mpaka vikang’aa. Tukavikausha wiki tatu chini ya magunia yaliyolowana, tukiyafunua kidogo kidogo, siku hadi siku.

Nilijenga tanuri kwa matofali mabichi na tope. Tulichoma kwa magome ya mikaratusi na mafunjo makavu, moto mdogo asubuhi yote, mkubwa tangu adhuhuri. Saa tisa ulisikika mlio kama mtu aliyepigwa kofi.

“Mmoja amekwenda,” alisema Nyirahabimana.

Tulipofungua siku ya pili tulimkuta karani amepasuka vipande kumi. Nilikuwa nimemsahau tundu la kupumulia.

“Hao hawapumui hata wakiwa hai,” mke wangu akasema, na tukarudi kwenye kalibu kumkandamiza mwingine.

Mwezi wa Septemba kila kitu kilikuwa tayari. Tulivifunga vipande kwa nyasi, tukavipakia kwenye pikapu ya muuza mkaa. Kwenye kizuizi cha barabara askari alitaka kujua kilicho ndani ya nyasi. Akafukua, akakutana na kichwa cha mwashi kinamtazama, akaruka nyuma. Wenzake wakamcheka. Akataka kitambulisho changu kwa hasira. Alikwenda moja kwa moja kwenye ule mstari ambao askari wote walikuwa wakiutazama kwanza, mstari wa kabila, na hasira ikamwisha.

“Aa, wewe ni wa vyungu tu. Pita, muzehe.”

Wengine siku hizo walikuwa wakishushwa na kupigwa kwa ajili ya mstari ule. Mimi nilipitishwa kama kuku. Nilijua ni bahati, lakini sikumshukuru.

Uani mwa shule, Muhima, niliunganisha vipande mbele ya wanafunzi. Pete kwanza, kisha mtungi, kisha watu, ndimi zikiingia matunduni. Mishono ya mikono na shingo niliiziba kwa nta ya mshumaa iliyochanganywa na unga wa vigae vyekundu, nikaisugua kwa kitambaa mpaka jicho lisiione. Mwishowe nikachomeka mirija mitano ya matete mtungini. Watu walipiga makofi. Ndipo prezida wa kamati alipotoka ofisini: Bwana Viateur Gakwaya, mwenye duka la vitambaa pale pale Muhima. Nyuma yake alikuwa Béatha, karani wa shule.

“Kalibu, mzee, kalibu sana,” alisema Viateur, kisha akaiona. Akaizunguka mara moja. “Hii iko nini?”

“Ni karamu, Bwana Prezida.”

“Iko wapi?”

“Hii hapa. Mtungi, watu, mirija.”

“Mimi nauriza karamu! Karamu ya kuandikia!” Akaichomoa peni mfukoni mwa shati na kunionyesha. “Hii! Mkono umeshika karamu!”

Halafu Mwalimu Ndihokubwayo, aliyekuwa mlangoni, akaanza kucheka. Alicheka akishika ukuta.

“Béatha, binti yangu,” akasema, “uliandika nini?”

“Niliandika alichosema Bwana Prezida!” Béatha alijibu, uso umemwiva. “Alisema karamu, nikaandika karamu. Mimi ni nani nimsahihishe?”

Nikatoa barua mfukoni nikaisoma kwa sauti, herufi kwa herufi. Ua mzima ulilipuka kwa kicheko. Sitaficha kwamba nilifurahi. Mtu mwenye duka la madirisha mawili ya vioo alikuwa ameanguka kwenye herufi moja, na mimi nilikuwa nimesimama.

Viateur naye hakuwa mjinga. Aliona watu wanaipenda, wanamtambua mwashi wao, wanamcheka karani. Akacheka pia, akarudisha peni mfukoni.

“Haya. Mungu ameandika karamu, iwe karamu. Ni kazi nzuri, rwose, nzuri kabisa.” Akaizunguka mara ya pili, polepole, akitaja: “Huyu mchuuzi. Huyu fundi. Karani. Mwashi. Na huyu?”

“Mfinyanzi.”

“Mfinyanzi yupi?”

“Huyu anayekuona.”

Hakucheka mtu. Nikaona macho ya wote yakienda kwenye mtungi, yakihesabu mirija. Viateur alinishika bega kwa vidole viwili, akanisogeza pembeni, lakini sauti yake wote waliisikia.

“Mzee Kagabo, mimi sina shida na wewe. Umesoma hapa miaka mitatu, nani amekufukuza? Lakini siku ya ufunguzi kutakuwa na wakubwa. Mtwa kwenye mtungi mmoja na watu? Watasema tunawatukana. Na kazi yako inatoka vipande vipande, nimeona. Mtoe huyu mmoja, uzibe matundu, wanne wabaki. Nani atajua?”

“Mimi nitajua. Na yeye.”

“Yeye nani? Udongo?”

“Wote ni udongo, Bwana Prezida. Wa kalibu moja.”

“Yewe, usinifundishe! Wanne, au uichukue.”

Niliwatazama wenzangu wa darasa. Mwashi mwenyewe, ambaye nilimwazima daftari mwaka mzima, alikuwa akikagua kucha zake. Mwalimu alikuwa hacheki tena; alikuwa amegeukia mlango.

“Kitakachoamuliwa nikipate kwa maandishi,” nikasema. Nikaanza kuchomoa mirija, kisha vichwa na mikono. Hakuna aliyenisaidia kupakia, isipokuwa Béatha aliyebeba kichwa cha karani mpaka kwenye pikapu na kukifunga nyasi kwa uangalifu, pengine kwa sababu ya ukarani wao.

Sikuirudisha bandani. Kando ya barabara ya Kagarama kuna kipande cha ardhi ambacho mto wa mvua umekikata, hakilimwi na mtu. Niliweka pete hapo juu ya mawe. Safari hii kila ulimi ulipoingia tundu lake nilimimina saruji. Nikafunga mtungi kwenye pete, watu kwenye pete, na mkono wa mfinyanzi nikaulaza begani kwa mwashi na kuufunga hapo kwa waya na saruji. Ilipokauka nilimwita mke wangu ausukume. Alisukuma kwa bega. Hapakutikisika kitu.

Siku ya tano alikuja Mwalimu Ndihokubwayo, kwa miguu, kaptura imejaa vumbi. Alikuwa ameleta barua ya kamati. Ilikuwa fupi: niondoe mtu wa tano na kurudisha sanamu kabla ya Jumapili, la sivyo kamati “itafikiria upya nafasi yangu darasani.” Herufi zote zilikuwa sahihi.

“Mimi ndiye niliyeisahihisha,” Mwalimu alisema akitazama chini. “Maneno si yangu. Herufi tu.”

“Asante kwa herufi.”

“Kagabo, ndugu yangu. Miezi minne tu upate cheti. Mtoe kwa sasa. Baadaye, mambo yakitulia…”

“Babu yangu aliambiwa baadaye, Mwalimu. Baba yangu pia. Nyie mnaijua sana hiyo baadaye. Mbona haijawahi kufika Kagarama?”

Nyirahabimana alikuwa amepika pombe ya mtama wiki ile. Aliweka mtungi kati yetu na mirija miwili, mmoja wangu, mmoja wake mwenyewe. Kisha akachomoa wake mdomoni, akauelekeza kwa Mwalimu. Nilitaka kumzuia. Mtu aliyetembea saa mbili hafai kufanyiwa mtihani.

Mwalimu aliushika mrija. Aliufuta ncha kwa kidole gumba. Nilimwona akiufuta, na alijua nimemwona. Halafu akainama akavuta, akavuta tena, mara ya tatu kwa kiu ya kweli.

“Ni kali,” akasema.

“Ni ya watu watano,” akajibu mke wangu.

Alipoondoka aliniomba nimpe jibu alipeleke. Nilikataa. Jibu la mkononi hupotea, huanguka, husahauliwa mezani. Niliketi kwenye kigoda, ubao magotini, nikaandika kwa mwandiko wangu wa darasa la tatu, bila haraka:

“Kwa Prezida wa Kamati. Nimepokea barua yenu. Mmeniagiza nimwondoe mtu wa tano. Jibu langu ni hapana. Sanamu sasa haina vipande. Iko Kagarama kando ya barabara, imefungwa kwa saruji, na anayetaka kumtoa mmoja itabidi avunje wote. Mkiihitaji, njooni na watu wanane wenye nguvu muichukue kama ilivyo. Msipoihitaji itakaa hapa, na kila atakayeniuliza nitamwambia ni ya shule ipi na kwa nini haiko huko. Kuhusu nafasi yangu, nitafika Jumatatu saa kumi na moja, nitaketi benchi la mbele. Atakayenizuia aandike sababu yake, aweke na sahihi yake. Mimi, Kagabo, mfinyanzi.”

Nilimsomea Nyirahabimana. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono imejaa udongo.

“Na vichwa alitengeneza nani?” akauliza.

Niliona aibu. Mimi niliyekuwa nikidai nafasi yangu mtungini nilikuwa nimekaa peke yangu kwenye karatasi. Nikafuta neno “mimi”, nikaandika “sisi”, nikaongeza jina lake chini ya langu, na mbele yake neno lile lile, mfinyanzi. Hakujua kuandika. Alichovya kidole gumba kwenye wino na kukikandamiza pale nilipomwonyesha, kwa nguvu, kama anavyokandamiza udongo.

“Waisome vizuri,” akasema.

Asubuhi nilivaa shati jeupe, nikaenda mpaka posta kuu mjini. Nilinunua bahasha na stempu, nikasema nataka barua ya kuandikisha, ile ambayo mpokeaji lazima atie sahihi kwamba ameipata. Kijana wa dirishani aliniuliza mtumaji ni nani. Nikamtajia majina mawili. Nililamba gundi, nikafunga, nikapitisha kucha kwenye mkunjo wote, nikamsukumia bahasha chini ya wavu. Aligonga muhuri mara mbili na kuitupa kwenye mfuko wa Muhima.